Sukari Tunapima, Macho Je?

Kwa miaka kadhaa sasa tumekuwa tukikutana na kikundi cha watu wenye ugonjwa wa sukari katika ukumbi wa parokia, kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Kazi hiyo tuliiona ni nzuri. Tunapima sukari, tunapima presha, tunavua watu viatu na kuangalia kama kuna kidonda, tunabishana kidogo juu ya ugali na viazi, kisha tunakunywa chai ya strungi isiyo na sukari na kila mtu anarudi kwake. Kila mmoja ana daftari lake na humo tunaandika yote. Kumbe kuna jambo moja ambalo hatukuwahi kuliandika hata siku moja, kwa sababu hatukuwahi kuliuliza.

Aliyetufungua macho ni mzee mmoja, mwalimu mstaafu. Ametupa ruhusa ya kusimulia habari zake bila kutaja jina. Mwezi mmoja alikuja kwenye mkutano, tukampa karatasi ya mahudhurio, akatia sahihi juu ya jina la mtu mwingine. Tulicheka, naye akacheka. Mkutano uliofuata hakuja. Tulipomtembelea nyumbani alituambia kwamba asubuhi moja aliamka akaona nyuzi nyeusi kama utando wa buibui zikielea mbele ya jicho la kulia, na kufika jioni ilikuwa kama amefunikwa na moshi. Akangoja wiki tatu akidhani litasafika lenyewe. Na la kushoto? La kushoto lilikuwa limefifia zamani, lakini hilo hakumwambia mtu. "Moja lilikuwa linanitosha," alisema.

Tulimpeleka hospitali ya macho. Jicho la kulia lilikuwa limejaa damu ndani. La kushoto, ule utando wa nyuma unaopokea mwanga ulikuwa umebanduka, na daktari alisema hapo hakuna la kufanya tena. Kisha akamwuliza mzee ni lini mara ya mwisho alipopimwa nyuma ya macho. Mzee akasema hajawahi. Amekuwa na sukari kwa miaka 14. "Na hawa wanaokupima kila mwezi hawakukuambia?" Sisi tulikuwa tumesimama pale pale nyuma ya kiti chake.

Jumatano iliyofuata tuliuliza kila mwanakikundi swali hilo moja: je, umewahi kutiwa dawa ya matone na mtu akaangalia ndani ya jicho lako kwa mwanga? Waliosema ndiyo tuliwahesabu kwa vidole, na vidole vikabaki. Basi tukaanza kuwatembelea wengine nyumbani na kuwauliza kwa nini. Makala haya yametoka katika mazungumzo hayo.

UGONJWA USIOPIGA HODI

Kwanza tueleze ugonjwa wenyewe, maana wengi wanauchanganya na mingine. Nyuma ya jicho kuna ngozi nyembamba sana inayoitwa retina. Ndiyo inayopokea picha, kama vile filamu ilivyokuwa ikipokea picha ndani ya kamera za zamani. Retina inalishwa na mishipa midogo ya damu, myembamba kuliko unywele. Sukari ikikaa juu kwa miaka, kuta za mishipa hiyo zinadhoofika. Inaanza kuvimba hapa na pale, inavuja maji na mafuta, na mingine inaziba kabisa. Maji hayo yakikusanyika katikati ya retina, pale tunapotumia kusomea na kutambua nyuso, ndipo mtu anasema herufi zinacheza.

Mishipa ikiziba mingi, retina inakosa chakula. Jicho linajaribu kujisaidia kwa kuotesha mishipa mipya, lakini mishipa hiyo ni dhaifu, inapasuka upesi na kumwaga damu ndani ya jicho. Baadaye inaacha makovu, na makovu yakijikunja yanavuta retina mpaka inabanduka. Hayo ndiyo yaliyompata mwalimu wetu, jicho moja hatua hii na jicho la pili hatua ile.

Sasa lililo gumu ni hili: muda huu wote mtu haumwi. Jicho haliwashi, haliwi jekundu, halitoi machozi. Na kwa muda mrefu mtu anaona vizuri kabisa, anasoma hata herufi za chini kwenye ubao wa kupimia macho. Ndiyo maana ubao ule peke yake hautoshi, na duka la miwani peke yake halitoshi. Lazima mboni ipanuliwe kwa matone, au picha ipigwe kwa kamera maalumu, ili mtu aliyesomea kazi hiyo aone nyuma.

Si mtoto wa jicho, ambao ni ukungu kwenye lenzi ya mbele, ingawa mwenye sukari anaweza kuupata mapema kuliko wengine. Wala si presha ya macho. Mtu anaweza kuwa na yote matatu, na hapo ndipo watu wanachanganyikiwa: anasubiri mtoto wa jicho "aive" apasuliwe, kumbe nyuma kunaharibika.

Tatizo ni kubwa kiasi gani? Katika uchunguzi uliofanywa Nakuru mwaka 2007 na 2008 kwa watu wa miaka 50 na zaidi, kati ya wale waliokutwa na ugonjwa wa sukari, zaidi kidogo ya theluthi moja walikuwa tayari na alama za ugonjwa huu kwenye retina. Na tusisahau wale wasiojua kama wana sukari. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa karibu Wakenya 9 kati ya 10 hawakuwa wamewahi kupimwa sukari ya damu hata mara moja. Mtu wa namna hii anaweza kugundua sukari na uharibifu wa macho siku moja.

"NAONA VIZURI, NIENDE KUTAFUTA NINI?"

Hilo ndilo jibu tulilolisikia mara nyingi kuliko yote, na si jibu la kijinga. Sisi sote tumezoea kwenda hospitali tukiumwa. Mtu mwenye shughuli zake, anayeona nyoka kwenye nyasi na kuhesabu pesa bila kukosea, unamwambia apoteze siku nzima akaangaliwe macho mazima. Mama mmoja anayeuza mboga sokoni alituambia mume wake alimwuliza maneno hayo hayo, naye akakosa la kumjibu. Hakuwa anapinga. Alikosa tu maneno. Tangu hapo tumeona afadhali tuzungumze na wote wawili, mume na mke, kwenye meza moja.

Jibu la pili lilitushangaza: "Mimi nimepimwa." Ukiuliza wapi, wengine walikuwa wamesomeshwa herufi kwenye duka la miwani mjini, wengine walimulikwa tochi kliniki, na mmoja alifikiri kupimwa sukari kidoleni kunaonyesha mpaka hali ya macho. Watu hawa wanaamini wameshafanya lile linalotakiwa. Huyu ni mgumu kumfikia kuliko yule anayejua kwamba hajaenda.

Tukiwa kwenye habari za miwani, tuseme hili. Sukari ikipanda sana, lenzi ya jicho inabadilika umbo na mtu anaona ukungu. Ikishuka, ukungu unaondoka polepole, pengine baada ya wiki kadhaa. Tumewaona watu watatu waliokimbilia kununua miwani kwa bei kali wakati sukari iko juu, na baada ya kuanza dawa miwani ile ikawa haiwafai. Ngoja sukari itulie kwanza, ndipo upimwe miwani. Lakini kuangaliwa retina usingoje.

Tatu ni pesa, na hapa hatutaki kumhubiria mtu. Tulikaa na baba mmoja wa kibarua tukapiga hesabu naye kwenye bahasha kuukuu. Nauli ya kwenda na kurudi, mara mbili, kwa sababu matone yanatia ukungu na lazima aende na mtu. Ada ya kuandikishwa. Ada ya kuonwa. Chakula cha mchana, maana mgonjwa wa sukari hawezi kukaa na njaa mpaka saa kumi. Kisha ujira wa siku hiyo aliokosa, na wa yule aliyemsindikiza. Tulipofika mwisho alitutazama tu. Dawa zake za mwezi zilikuwa ni pungufu ya jumla ile. Mtu akichagua kununua dawa badala ya kwenda kupimwa macho, tutasema hajali?

Habari ya bima nayo imevuruga watu. Tangu Oktoba 2024 NHIF haipo tena, mahali pake ni SHA, na wazee wengi bado wanabeba kadi ya zamani. Kabla ya kusafiri uliza kile kituo unachokwenda kama kimesajiliwa na ni huduma gani ya macho inayolipiwa. Tumeona watu wakifika mlangoni na matumaini na kurudi vivi hivi.

Nne ni njia yenyewe ya hospitali. Kliniki ya sukari ni siku moja, ya macho ni siku nyingine, wakati mwingine katika mji mwingine. Mgonjwa anaambiwa, "Siku moja upitie kwa macho." Siku moja ni lini? Haina tarehe, haina barua, haina jina la chumba. Katika kituo kimoja tulichotembelea tuliuliza kama kuna karatasi ya kuwapeleka wagonjwa wa sukari kwa afisa wa macho, tukaambiwa zilikwisha. Wauguzi wenyewe wamelemewa, mmoja anahudumia foleni inayotoka mpaka nje ya geti, hatuwalaumu. Lakini hata sisi tusio na foleni hatukuuliza, kwa hiyo tunalisema hili tukijihesabu.

Hata hawa wahudumu wa afya ya jamii waliopewa mikoba yenye mashine za sukari na presha tangu Septemba 2023 wanafanya kazi nzuri mlangoni pa mtu, ila nyuma ya jicho hawawezi kuona. Wanaweza kuuliza tu. Swali ni bure.

HOFU

Tumeiweka peke yake kwa sababu haitajwi mpaka umemaliza kikombe cha pili cha chai.

Kuna wanaoogopa matone. Mwendesha boda boda mmoja alitiwa, akatoka nje juani akaona kila kitu kimemeremeta, akapanda pikipiki na nusura aingie mtaroni. Aliapa hatarudi. Ukweli ni kwamba hakuna aliyemwambia mapema kwamba ukungu na mwanga mkali hudumu saa kadhaa, na siku ile asiendeshe kitu. Kama angejua angekuja kwa matatu.

Kuna wanaoogopa leza. Habari iliyozagaa ni kwamba "ukipigwa ule mwanga unapofuka." Tulitafuta chanzo cha habari hii tukakuta ina ukweli uliopinduliwa. Watu wengi wanafika leza wakiwa wamechelewa, jicho lilikuwa linaelekea kufa, na linapokufa leza ndiyo inalaumiwa. Leza hairudishi nuru iliyopotea. Kazi yake ni kulinda iliyobaki. Hili lilithibitishwa Marekani katika miaka ya 1970, ambapo kwa wenye mishipa mipya ya hatari ilipunguza upofu mkubwa kwa nusu au zaidi. Kwa yale maji ya katikati ya retina, siku hizi kuna pia dawa inayodungwa ndani ya jicho baada ya kutiwa ganzi. Ndiyo, ndani ya jicho. Ukisikia hivyo mwili unasisimka, lakini waliodungwa wanasema kungoja foleni kulikuwa kubaya zaidi ya sindano yenyewe. Dawa hiyo hurudiwa mara nyingi, na wengine huona vizuri zaidi baada yake.

Na kuna hofu ya kuambiwa. Mama mmoja alisema, "Sukari wameniambia, presha wameniambia, figo wameniambia zichungwe. Sitaki kwenda mahali pengine niambiwe kingine." Hatukuwa na jibu la haraka. Tulikaa naye tu. Wiki mbili baadaye alituma mjukuu kuuliza safari ni lini.

WANAOENDA, WANAENDA KWA NINI?

Tuliwauliza pia wale wachache waliokuwa wamepimwa, maana mara nyingi tunachunguza tu waliokosa. Wengine walikuwa wamemwona jirani au ndugu akipofuka kwa sukari. Wengine walipewa barua yenye tarehe na chumba, wakaenda kwa sababu barua ni barua. Lakini lililorudi mara kwa mara ni kwamba walikwenda na mtu. Dada wawili kutoka jumuiya moja walikwenda pamoja, mmoja akatiwa matone mwaka huu na mwenzake akamshika mkono, na mwaka uliofuata vivyo hivyo. Wanasema peke yake hakuna ambaye angekwenda.

Hili halikutushangaza tuliposoma habari za Kirinyaga. Huko watafiti walichukua vikundi vya watu wenye sukari kama hiki chetu, wakafundisha baadhi ya wanakikundi wenyewe, nao wakawafundisha wenzao juu ya kupimwa retina. Kisha wakavilinganisha na vikundi ambavyo havikupata mafundisho hayo. Vile vilivyofundishwa na wenzao vilikwenda kupimwa kwa wingi zaidi kuliko vile vingine. Aliyefundisha si daktari kutoka Nairobi. Ni mtu anayekunywa dawa zile zile na kukaa kwenye benchi lile lile.

TULILOBADILISHA

Daftari za kikundi sasa zina mstari wa macho: tarehe ya kupimwa retina, wapi, walisema nini, na tarehe ya kurudi. Mstari ukiwa mtupu tunauona sote.

Juu ya tarehe, ulizeni hivi. Yule aliyegunduliwa sukari ya ukubwani apimwe retina mara tu anapogunduliwa, asingoje, kwa sababu sukari hiyo huenda ilikuwepo kwa miaka bila kujulikana. Baada ya hapo ni kila mwaka, au mapema zaidi daktari akisema. Kijana anayetegemea insulini tangu mwanzo apimwe ndani ya miaka mitano ya kwanza, kisha kila mwaka. Mama aliyekuwa na sukari kabla ya mimba apimwe mapema katika mimba, maana wakati huo retina inaweza kuharibika kwa kasi.

Kupimwa hakuchukui nafasi ya dawa. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa mwaka 1993 ulionyesha kwamba watu wa insulini waliochunga sukari kwa makini walipunguza hatari ya kuanza ugonjwa huu kwa asilimia 76. Ule wa Uingereza wa mwaka 1998, kwa watu wenye sukari ya ukubwani na presha, ulionyesha kuchunga presha vizuri kulipunguza kuharibika kwa retina kwa karibu theluthi moja. Presha! Wengi wetu tunaichukulia presha kama kitu cha moyo tu.

Tukazungumza pia na afisa wa kliniki wa macho wa hospitali iliyo karibu, akakubali kutupangia siku moja kila miezi mitatu, watu wetu wafike pamoja asubuhi. Matatu moja inakodiwa, kila mtu anachanga, na chama cha kina mama kinawalipia wawili au watatu wasioweza. Wakipatikana wenye shida kubwa wanaandikiwa kwenda kwenye hospitali kubwa zaidi. Wasomaji wa sehemu nyingine za nchi watakuwa wanazijua zile za macho zilizo karibu nao, kama Kikuyu, Sabatia kule Vihiga, au Kwale kule Pwani. Pigeni simu kwanza mjue siku ya retina ni ipi.

Safari ya kwanza haikwenda vizuri. Tulichelewa kwa sababu ya tope, wawili walikuwa hawajala wakasikia kizunguzungu, na umeme ulipotea kwa saa nzima. Hata hivyo, mmoja wa waliopimwa siku hiyo, mama yule wa mboga, alikutwa na mishipa mipya katika jicho moja. Alikuwa anaona vizuri kabisa. Ameshapigwa leza mara mbili na bado anauza mboga zake, na mume wake ndiye anayemkumbusha tarehe.

Mwalimu wetu alifanyiwa upasuaji wa kuondoa damu katika jicho la kulia. Anaona njia, anaona watu, kusoma bado kunamshinda. Anakuja na mjukuu wake kila Jumatano ya kwanza na tumempa kazi: wakati wa kupima sukari yeye anakaa mlangoni na kumwuliza kila anayeingia, "Macho lini?" Usipompa tarehe hakupishi.

Safari inayofuata ni wiki ya pili ya mwezi ujao, siku ya Jumanne, na matatu itaondoka kanisani saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Jiandikishe kwa katibu wa jumuiya yako. Kunywa dawa zako kama kawaida, kula kabla ya kuondoka na ubebe chakula kidogo. Lete daftari lako, kitambulisho na dawa unazotumia, njoo na kofia au miwani ya jua, na mtu wa kukushika mkono wakati wa kurudi.